Mto Mara na Uwanda Wake wa Mafuriko

Uwanda wa mafuriko wa Mto Mara unaanza pale mto unapoachana na vilima vya Serengeti na Tarime, nchini Tanzania, na kuingia tambarare ya chini, wilaya ya Butiama ikiwa kusini, Tarime na Rorya kaskazini. Mteremko karibu unakwisha hapo. Mto uliokuwa ukienda ndani ya kingo zake unatawanyika kuwa vijito vingi, unapotelea ndani ya mafunjo na matete, kisha unajikusanya tena karibu na Daraja la Kirumi na kumwaga maji katika Ghuba ya Mara, mkono wa Ziwa Victoria ambao mji wa Musoma umekaa upande wake wa kusini. Eneo hilo lina urefu wa kilometa 37 hivi, na penye upana mkubwa linafika kilometa 13. Wachunguzi wa ndege hulijua kwa jina la kinamasi cha Masirori. Maandishi ya serikali huliita ardhioevu ya Mto Mara.

Maji yanayofika hapo yametoka mbali. Chanzo chake ni kinamasi cha Enapuiyapui katika msitu wa Mau nchini Kenya. Mito ya Amala na Nyangores inashuka kutoka Mau, inakutana, inapita katika hifadhi ya Maasai Mara, kisha Mto Mara unakatiza kaskazini mwa Serengeti kuelekea ziwani. Urefu wote ni kilometa 395 hivi, na bonde linalokusanya maji yake lina kilometa za mraba zipatazo 13,750, karibu theluthi mbili zikiwa Kenya. Mkulima au mchungaji wa vijiji vya uwandani kama Kongoto, Wegero, Ryamisanga au Buswahili anaishi na matokeo ya yaliyotendeka Bomet na Narok, huko Kenya, na historia ya uwanda huu haieleweki kwa kuutazama Mkoa wa Mara peke yake.

Mkondo wa mto na uwanda wake wa mafuriko ni mwili mmoja. Wakati wa kiangazi mto unatosha ndani ya kingo zake. Masika yakikolea, maji yanapanda juu ya kingo na kusambaa, na yakisambaa yanapoteza nguvu. Tope na mchanga vinatua katikati ya mashina ya mafunjo, ardhi inapata rutuba mpya, visima vya pembeni vinajaa, na ziwa linapokea maji yaliyokwisha kuchujwa. Mto ukifungiwa katika mfereji, au kingo zikikatwa na kulimwa hadi ukingoni, nguvu hiyo yote inabaki ndani ya mkondo. Mto unachimba kitako chake, unashuka chini kuliko uwanda, na mafuriko ya kawaida hayawezi tena kupanda. Ndipo panapokuwa na bonde kavu kando ya mto wenye maji, hali ambayo wakazi wa mabonde mengi ya Afrika Mashariki wameiona kwa macho yao.

Samaki aitwaye ningu anaonyesha uhusiano huo vizuri kuliko kipimo chochote. Ningu wa Ziwa Victoria huishi ziwani, lakini uzazi wake unategemea mto uliofurika. Mvua kubwa zikichafua na kujaza mto, madume na majike waliokomaa huacha ziwa na kupanda mtoni kwa makundi. Hawatagi katika mkondo wenye kasi. Hukata kando, wakaingia katika nyasi zilizofunikwa na maji ya kina kifupi, mahali ambapo wiki chache kabla ng'ombe walikuwa wakilisha, na hapo ndipo mayai hutagwa. Vifaranga hutoka upesi, hujificha katika nyasi dhidi ya samaki wakubwa, na hurudi mtoni kadiri maji yanavyopungua. Bila maji kupanda kwenye nyasi hakuna kizazi kipya. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ningu alikuwa miongoni mwa samaki waliotegemewa sana katika mito inayoingia ziwani. Nyavu za kutega zilizoletwa na ukoloni zilifungwa kwenye midomo ya mito wakati uleule samaki hao wakipanda kutaga, na kufikia miaka ya 1960 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka ziwa zima. Mtaalamu wa samaki Michael Graham, aliyefanya uchunguzi wa kwanza mkubwa wa uvuvi wa ziwa hilo mwaka 1927 na 1928, alikuwa tayari ameonya juu ya nyavu za matundu madogo. Jambo ambalo halikupewa uzito wakati huo ni upande wa pili: kwamba hata nyavu zingezuiwa, ningu angehitaji bado uwanda unaofurika.

Kabla ya ukoloni makazi mengi ya kusini mwa Mto Mara yalikuwa vilimani. Wazanaki, Waikizu na majirani zao walijenga karibu na miamba, kwa sababu ya ulinzi na kwa sababu tambarare ya chini ilikuwa na maji ya msimu, mbung'o na mbu. Mtama na ulezi vililimwa kwenye miteremko, na bondeni palikuwa pa malisho ya kiangazi, uwindaji na uvuvi. Wakabwa, walio jirani zaidi na mto, walivua kambale na kamongo katika madimbwi yaliyobaki mafuriko yanapoondoka. Misitu midogo iliyozunguka chemchemi na makaburi ya wazee ilikuwa na miiko yake. Msitu wa Muhunda, ulio Mwitongo katika kijiji cha Butiama, ambako ndiko nyumbani kwa ukoo wa Mtemi Nyerere Burito na mwanawe Julius Nyerere, umebaki hadi leo kwa sababu Wazanaki waliuheshimu kuwa makao ya mzimu. Miiko ya aina hiyo haikutungwa kwa ajili ya kingo za mito, wala haikufika kila mahali. Hata hivyo ilihifadhi miti pale maji yanapoanzia, na hiyo si faida ndogo.

Miaka ya 1890 ilivuruga mpangilio huo. Sotoka iliua ng'ombe kwa wingi usiosemeka, ikafuatwa na njaa na ndui. Watu walipopungua, vichaka vilirudi katika ardhi iliyokuwa ikilishwa na kulimwa, na pamoja navyo mbung'o. Malale yakaingia ukanda wa ziwa mwanzoni mwa karne ya 20. Serikali ya Kijerumani iliweka kituo cha wagonjwa wa malale Shirati, na njia mojawapo iliyotumika kupambana na ugonjwa katika ukanda huo ilikuwa kufyeka vichaka vya mwambao na vya kingo za vijito ili mbung'o wakose kivuli. Kwa afya ya watu hatua hiyo ilikuwa na maana yake, na maisha yaliokolewa. Kwa upande wa mito ilikuwa mara ya kwanza dola kuingilia kingo, na iliingilia kwa kuondoa mimea. Waingereza walioshika eneo hilo baada ya mwaka 1916 waliendelea na fikra hiyohiyo ya kufyeka, na juu yake wakaleta pamba, majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na migodi ya dhahabu kama Kiabakari na Buhemba iliyohitaji kuni, magogo na maji.

Mwishoni mwa mwaka 1961, wakati Tanganyika ikijiandaa kwa uhuru, mvua zisizo za kawaida zilinyesha Afrika Mashariki yote. Ziwa Victoria lilianza kupanda na halikusimama hadi 1964. Kwa jumla lilipanda zaidi ya mita 2. Kwa ziwa lenye mwambao bapa kama wa Ghuba ya Mara, mita mbili ni mabadiliko ya nchi. Maji ya ziwa yalirudi nyuma ndani ya mdomo wa mto, yakapunguza mwendo wa maji yanayoshuka, na tope ambalo zamani lingepelekwa ziwani likaanza kutua juu zaidi. Mashamba na malisho yaliyokuwa yakifurika kwa majuma machache sasa yalikaa majini mwaka mzima. Mafunjo, ambayo hupenda maji yasiyokauka, yaliyafuata.

Mafunjo yana tabia inayofaa kuelezwa kwa karibu, maana ndiyo iliyobadilisha sura ya bonde. Mizizi yake minene hutambaa kwa ulalo na kusukana mpaka ikawa mkeka unaoweza kuelea. Mtu anaweza kusimama juu yake akahisi ardhi ikinesa. Chini ya mkeka kuna maji na tope laini. Juu yake mashina hupanda hadi mita 4 au 5. Kila shina likifa huanguka palepale, na mabaki hujilimbikiza kuwa tabaka jeusi lisilooza upesi kwa kukosa hewa. Mto ukileta tope zaidi, mkeka hulikamata, kitako kinainuka, na maji yanatafuta njia mpya pembeni, ambako mafunjo huota tena. Hivyo kinamasi hujipanua chenyewe maadamu kinaletewa tope na maji hayaondoki.

Na tope lililetwa. Kuanzia miaka ya 1960 na kuendelea, misitu ya Mau ilikatwa kwa mashamba ya chai, ngano, mahindi na makazi mapya. Mwaka 2001 serikali ya Kenya iliondoa sehemu kubwa ya msitu huo katika hifadhi ya kisheria, uamuzi ambao serikali zilizofuata zimetumia miaka mingi kujaribu kuutengua. Upande wa Tanzania, Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwahamisha watu wa Mara kutoka kwenye makazi ya kutawanyika na kuwaweka kwa safu kando ya barabara na karibu na maji. Shabaha ilikuwa shule, zahanati na visima, na mengi ya hayo yalipatikana. Lakini mifugo na mashamba vilivyokuwa vimesambaa vilikusanyika sasa kuzunguka vijiji vikubwa vyenye njia zilezile za kwenda mtoni kila siku. Njia ya ng'ombe kwenye ukingo ni korongo linaloanza: kwato zinalegeza udongo, mvua moja inauchukua, na msimu wa tatu maji ya mteremko yana mlango wake.

Watafiti waliotoboa tope la ardhioevu ya Mara na kusoma matabaka yake wamepata kumbukumbu ya miaka ipatayo 2,000. Kwa muda mrefu wa kumbukumbu hiyo tope lilitua polepole. Tangu miaka ya 1960 kasi imepanda kwa namna isiyo na mfano katika karne zilizotangulia. Picha za satelaiti zilizoanza kupigwa miaka ya 1970 zinaonyesha ardhioevu ikipanuka sana kufikia miaka ya 2000. Ni kisa kisichofanana na visa vinavyosimuliwa zaidi duniani, ambamo kinamasi hukaushwa kikafa. Hapa kinamasi kimenenepa kwa sababu mto wa juu umeumwa, na kwa mwenye shamba lililomezwa na mafunjo huko Kongoto au Buswahili, kuambiwa kwamba ardhioevu inapaswa kulindwa kunaweza kusikika kama kuambiwa aliyempora ardhi alindwe. Malalamiko hayo yana haki ndani yake na yanastahili jibu la kueleza kilichotokea.

Katika miaka ya 1960 fikra iliyotawala dunia nzima ilikuwa kunyoosha mito. Huko Florida, Marekani, Mto Kissimmee uliokuwa ukipinda kwa kilometa 166 uligeuzwa kuwa mfereji wa kilometa 90 kati ya mwaka 1962 na 1971. Denmark ilinyoosha sehemu ya chini ya Mto Skjern kati ya 1962 na 1968 ili kupata mashamba. Mara haikupata mfereji wa namna hiyo, lakini mawazo yalifika. Bonde la Bugwema katika wilaya ya Musoma, ambako Mto Suguti unaelekea ziwani, lilipangiwa shamba la umwagiliaji mwaka 1974. Mipango ikaanza, ikasimama, ikafufuliwa tena mara kadhaa. Kwenye kingo za Mara kilimo kilisogea bila mpango wowote: bustani za mboga na mahindi ya kiangazi, kisha mifereji midogo ya kuondoa maji, kisha moto wa kuchoma mafunjo mwisho wa kiangazi ili majani mabichi yachipue kwa ajili ya ng'ombe.

Nchi zilizonyoosha mito zilijutia. Denmark iliurudishia Mto Skjern mipindo yake kati ya 1999 na 2002. Marekani ilianza kufukia sehemu ya mfereji wa Kissimmee mwaka 1999 na kazi ikakamilika 2021, kwa gharama iliyozidi sana ile ya kuchimba. Kazi hizo zilifundisha wahandisi kanuni ambazo leo zinatumika Mara kwa kiwango kidogo: mto upewe nafasi ya kufurika, tope lizuiwe linakotoka, na kingo zishikwe na mizizi kabla ya kushikwa na zege.

Afrika Mashariki ilifika kwenye kazi hiyo kwa njia ya ziwa. Magugu maji yaliyoenea Ziwa Victoria katika miaka ya 1990 yaliziba mialo na bandari, na kuonyesha kwamba mbolea na tope vilivyokuwa vikiingia ziwani vilikuwa vingi kupita kiasi. Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa zimekubaliana mwaka 1994 kuendesha Mradi wa Hifadhi ya Mazingira ya Ziwa Victoria, na awamu yake ya kwanza ikatekelezwa kuanzia 1997. Magugu yalipungua mwishoni mwa muongo huo, kwa sehemu kwa kazi ya wadudu aina ya mbawakavu walioletwa kuyala. Wanasayansi wa mradi walielekeza macho kwenye vinamasi vya midomo ya mito kuwa chujio la ziwa, na kwa mara ya kwanza mafunjo ya Mara yakaandikwa katika ripoti kuwa mali badala ya kikwazo. Yalitambuliwa pia kuwa maficho ya samaki wa asili, furu na ngege miongoni mwao, ambao sangara hawezi kuwafuata katika maji yenye hewa haba chini ya mafunjo. Nzohe, swala wa vinamasini mwenye kwato ndefu, naye yumo humo.

Sheria zikafuata. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au mwambao wa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 iliipa Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Mwanza, mamlaka ya kugawa maji na kulinda vyanzo, na ikatambua jumuiya za watumiaji maji. Katika bonde la Mara ziliundwa jumuiya kwa kufuata vijito, zikiwamo za Somoche, Tobora na Tigithe. Mwaka 2012 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliitenga tarehe 15 Septemba kuwa Siku ya Mara, inayoadhimishwa kwa zamu upande wa Kenya na upande wa Tanzania, na mwaka 2015 nchi mbili zilitia saini hati ya makubaliano ya kusimamia bonde pamoja.

Mita 60 ni rahisi kuandika na ni ngumu kupima. Mto unaosambaa hauna ukingo mmoja: ukingo wa Februari si ukingo wa Mei, na mahali ambapo mafunjo yamesogea kuna shamba lililokuwa kando kabisa miaka 30 iliyopita ambalo sasa limo ndani ya mstari. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kurejesha mto imekuwa kukaa na serikali za vijiji, kutembea ukingoni na wazee wanaojua maji yalifika wapi mwaka gani, na kusimika bikoni za zege zinazoonekana. Bikoni peke yake haizuii kitu. Kinachofuata ndicho chenye uzito, na hufanyika kwa mpangilio unaorudiwa kijiji hadi kijiji kwa sababu unafanya kazi.

Mifugo hutangulia. Kabla ya kupanda mti wowote, ng'ombe lazima wapate maji mahali pengine, ama kwa birika la kunyweshea lililojengwa nje ya mstari na kuletewa maji, ama kwa lambo, ama kwa mlango mmoja wa ukingo uliotandikwa mawe ili kwato zisichimbe. Pakiachwa hivyo kwa msimu mmoja au miwili, nyasi hurudi zenyewe, na mara nyingi hilo hurejesha zaidi ya kupanda. Makorongo yanayoingia mtoni huzibwa kwa ngazi za mawe au magunia ya mchanga, kila ngazi ikishika tope nyuma yake, na nyasi za vetiva hupandwa kwa mistari inayofuata usawa wa ardhi. Matete na mafunjo hupandikizwa kwa vipande vya mizizi kwenye tope lenye maji, mwanzoni mwa mvua, siyo katikati ya mafuriko yatakayoving'oa. Miti ya asili inayovumilia kusimama majini huwekwa juu kidogo. Mikaratusi haifai kabisa katika ukanda huo, ingawa imepandwa sana kwa ajili ya nguzo. Inakunywa maji mengi na chini yake nyasi hazisitawi, na kingo bila nyasi hazishiki udongo. Vijito vya juu ndivyo hutangulizwa, kwa kuwa Somoche au Tigithe ikiendelea kuleta tope, kazi ya chini hufukiwa.

Swali la kuchimba mkondo katikati ya kinamasi hutokea katika kila kijiji, na ni swali la haki. Mfereji ungeondoa maji kwenye mashamba yaliyozama kwa mwaka mmoja au miwili. Baada ya hapo tope la mto mzima lingetua ndani yake, kwa kuwa ziwa liko palepale na mteremko haupo. Kuchimba kungekuwa kwa kila mwaka. Wakati huohuo maji yasiyochujwa yangefika moja kwa moja Ghuba ya Mara, ambako Musoma, kuanzia mialo ya Mwigobero hadi mitaa ya Kitaji, inategemea maji ya ziwa lilelile. Ardhi iliyozama inaweza kurudi kwa njia moja tu iliyo ya kudumu: tope kupungua kutoka juu. Mwaka 2020, na tena 2024, Ziwa Victoria lilipanda hadi viwango vya mwaka 1964 na kuvizidi, na maji yakarudi bondeni. Hakuna mfereji ambao ungeyazuia.

Machi 2022 maji ya Mto Mara karibu na mdomo wake yaligeuka meusi yakatoa harufu, na samaki wakafa wakaelea. Serikali ilisitisha matumizi ya maji hayo na kuunda kamati, ambayo ilieleza kuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza vilimaliza hewa ndani ya maji. Wakazi wengi na baadhi ya wabunge hawakuridhika, wakielekeza kidole kwenye migodi ya juu, ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki na ambako Mto Tigithe ulishapata kuvujiwa na maji ya mgodi mwaka 2009. Mabishano hayo yalikuwa na faida moja: yaliweka wazi kwamba vipimo vya ubora wa maji vya mara kwa mara ndani ya ardhioevu vilikuwa vichache mno, na mto usiopimwa hauna shahidi.

Tanzania ina visa viwili vinavyoangaza kazi ya Mara kutoka mbali. Katika bonde la Usangu, Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa kwenye kinamasi cha Ihefu na eneo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008. Mto uliendelea kukauka, kwa kuwa maji yalikuwa yakichukuliwa na mashamba ya mpunga ya juu ambayo hayakuguswa, na familia nyingi za wafugaji zilipoteza mifugo njiani. Dar es Salaam, Bonde la Msimbazi linapewa tena nafasi ya mto kufurika, kwa mradi ulioidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2022, na wenye nyumba Jangwani na jirani zake walilipwa ili wahame. Tofauti ya visa hivyo ni nzito: mahali pamoja watu walihesabiwa kuwa chanzo cha tatizo, mahali pengine walihesabiwa kuwa wenye haki ya fidia.

Ndani ya Mkoa wa Mara kwenyewe, wilaya ya Bunda nayo ina mito yake yenye uwanda wa mafuriko ulio mpana vilevile. Rubana na Grumeti zinakutana katika mbuga za Ndabaka, upande wa magharibi wa Serengeti, na Mbalageti inashuka kusini kidogo. Zote huishia Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Mbuga hizo zilikuwa sehemu ya ziwa zama za kale, udongo wake ni mfinyanzi mweusi, na masika barabara ya Mwanza kwenda Musoma imewahi kufunikwa na maji ya mito hiyo. Kata ya Nyatwali, iliyoko kati ya hifadhi ya Serengeti na ziwa, iliamuliwa iachwe ili wanyama wafike majini, na wakazi wakaingizwa katika mpango wa fidia uliochukua miaka na kuwaacha wengi bila kuweza kulima wala kujenga wakisubiri. Uwanda utapona pale bila kupandwa chochote, maana kilicholimwa ni sehemu ndogo na mafuriko bado yanafika. Ucheleweshaji ndio uliogharimu zaidi, na uliowagharimu ni wakazi.

Kwenye Mto Mara wenyewe jambo linalosubiriwa ni bwawa. Bwawa la Borenga limebuniwa chini ya mipango ya nchi za Bonde la Mto Nile kwa ajili ya umwagiliaji, maji ya vijiji na umeme, juu kidogo ya mahali ambapo mto unaingia tambarare. Hesabu za maji ya mazingira zilizofanywa kwa Mara ya chini karibu na mwaka 2020, zikitumia kumbukumbu za kituo cha kupimia maji cha Mara Mine zilizoanza karibu na 1970, zinahusu kiasi kinachopaswa kubaki mtoni kiangazi na pia mafuriko ya masika, yale yanayompandisha ningu kwenye nyasi. Bwawa lenye milango ya chini linaweza kuyaachia mafuriko hayo kwa wakati wake. Lisilo na milango hiyo litakamata tope lote nyuma ya ukuta, maji meupe yatakayotoka yatachimba kitako cha mto kuelekea Kirumi, na mkondo utashuka chini ya uwanda katika muda wa miaka michache. Mahali pa milango hiyo huamuliwa kwenye karatasi ya michoro, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.